Kuchora Mipaka ya Uvimbe wa Saratani ya Umio kwa Picha za Kitiba: Mwongozo kwa Wanaopanga Tiba ya Mionzi

Umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, una urefu wa takriban sentimita 25 kwa mtu mzima. Umebanwa kati ya bomba la hewa, aota (mshipa mkuu wa damu), moyo na pingili za mgongo, na ukuta wake hauna utando wa nje kama ule unaoufunika utumbo, kwa hiyo saratani ikishapenya misuli hukutana moja kwa moja na mafuta ya kifua na viungo vya jirani. Anayechora mipaka ya uvimbe wa aina hii hukabiliwa na maswali mawili yasiyofanana: uvimbe umetanuka kiasi gani kuelekea pembeni, na umeenea kiasi gani kuelekea juu na chini. Swali la kwanza picha ya CT, yaani eksirei ya kompyuta inayouonyesha mwili kipande kwa kipande, hulijibu kwa kiwango cha kuridhisha. Swali la pili CT ikiachwa peke yake hulijibu vibaya, na hapo ndipo sehemu ya saratani huweza kubaki nje ya mionzi pasipo mtu kutambua.

Mwongozo huu umekusudiwa madaktari wa saratani walio mafunzoni, wataalamu wa mionzi na wanafizikia tiba wa Afrika Mashariki, eneo lililo ndani ya ukanda wa saratani ya umio unaotoka Ethiopia, ukapita Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi, hadi Afrika Kusini. Wagonjwa wengi wa ukanda huu wana saratani ya seli bapa, na wengi hufika hospitali wakati chakula kigumu kimeshaacha kupita. Hali hiyo hubadilisha kazi ya kuchora mipaka: kamera ya endoskopia mara nyingi haipenyi hadi chini ya uvimbe, mgonjwa huenda amekwisha kuwekewa stenti, yaani bomba la wavu la kuzibua umio, na PET-CT, picha inayoonyesha seli zinazotumia sukari nyingi kwa kung'aa, inaweza kuwa mbali au kuwa na gharama asiyoimudu. Kwa sababu hiyo nimeijenga kazi nzima juu ya CT, endoskopia na picha ya kumeza bariamu (eksirei inayopigwa mgonjwa akimeza maji mazito yanayoonekana kwenye picha), kisha nikaipa PET nafasi yake pale inapopatikana. Ninachosisitiza tangu mwanzo ni kwamba hakuna picha moja inayoonyesha uvimbe wa umio unaanzia wapi na unaishia wapi. Mpaka hupatikana kwa kuvipima vipimo vyote kwa rula moja, na rula hiyo lazima itokane na mwili wa mgonjwa aliye mbele yako.

Majina manne ya mipaka

Tume ya Kimataifa ya Vizio na Vipimo vya Mionzi, ICRU, iliweka lugha ya pamoja katika ripoti zake namba 50 ya mwaka 1993, namba 62 ya mwaka 1999 na namba 83 ya mwaka 2010. GTV ni uvimbe unaoonekana, pamoja na tezi za limfu zinazoaminika kuwa na saratani. CTV ni GTV ikiongezewa eneo ambalo tunaamini lina seli za saratani ijapokuwa picha haziwezi kuzionyesha. ITV huongeza nafasi ya mwendo wa ndani ya mwili, hasa kupumua. PTV ni nyongeza ya mwisho, ya kufidia tofauti ndogo za ulalaji wa mgonjwa na za mashine. Kila mpaka huzaliwa na ule uliotangulia, kwa hiyo ncha ya uvimbe iliyosahauliwa kwenye GTV haitarudishwa na ustadi wowote wa mwanafizikia wala na mashine ya gharama kubwa kiasi gani.

Hatua ya kwanza: kusanya taarifa kabla ya CT ya kupangia tiba

Anza na ripoti ya endoskopia, nawe uisome kama mtu atakayechora kwa kuitegemea. Ripoti inayosema tu kwamba kuna uvimbe katikati ya umio inatosha kuthibitisha ugonjwa, lakini haitoshi kuchora mpaka. Unahitaji umbali kutoka meno ya mbele hadi ncha ya juu ya uvimbe, umbali hadi ncha ya chini, na umbali hadi mahali umio unapoungana na tumbo. Unahitaji pia kujua kama kamera ilipita au ilikwama, kama uvimbe umeuzunguka umio mzima au upande mmoja, na kama kuna vidonda vingine vilivyojitenga juu au chini ya uvimbe mkuu. Zungumza na daktari wa endoskopia mapema ili vipimo hivyo viandikwe siku hiyo hiyo, kwa maana kumrudisha mgonjwa mdhaifu kwa kipimo kilichosahauliwa ni kumtesa bila sababu.

Katika saratani ya seli bapa, kunyunyizia myeyusho wa iodini wa Lugol wakati wa endoskopia ni jambo rahisi lenye faida kubwa. Utando wenye afya una glaikojeni na hugeuka kahawia, ilhali sehemu yenye saratani au mabadiliko ya awali hubaki na rangi hafifu. Maeneo hayo hayataonekana kwenye CT kamwe. Pale ambapo vifaa vipo, daktari wa endoskopia anaweza kuweka klipu ndogo za chuma kwenye ncha mbili za uvimbe. Klipu hizo huonekana vizuri kwenye CT, lakini huanguka zenyewe baada ya muda, kwa hiyo CT ya kupangia tiba ifanyike haraka baada ya kuziweka.

Kamera ikikwama, picha ya kumeza bariamu ndiyo itakayokuambia uvimbe unaishia wapi kwa chini. Wapo wanaokiona kipimo hiki kuwa cha zamani. Mimi ningekidai kwa kila mgonjwa ambaye ncha ya chini haikuonekana kwa kamera. Mambo mawili yazingatiwe. Bariamu nzito ikibaki tumboni huleta michirizi mikali kwenye CT, basi ziache siku chache kati ya vipimo hivyo viwili. Na mgonjwa anayekohoa kila anapokunywa anaweza kuwa na tundu kati ya umio na njia ya hewa. Huyo apewe kontrasti, yaani dawa ya kung'arisha picha, inayoyeyuka majini ya aina isiyo kali kwa mapafu, wala asipewe ile ya osmolari ya juu, kwa sababu ikiingia mapafuni huweza kuyajaza maji. Uvimbe ulio kwenye usawa wa karina, yaani panda ya bomba la hewa, au juu yake, unahitaji pia kamera ya njia ya hewa kabla ya kupanga tiba.

Kuhusu stenti: kama mgonjwa anatarajiwa kupata mionzi ya kuponya, jadili na wenzako njia nyingine ya kumlisha kwanza. Stenti hutanua ukuta na kuufanya uonekane mwembamba, huleta michirizi ya bandia kwenye picha, na huweza kuhama kati ya siku ya CT na siku ya tiba. Mpira wa kulishia unaopitia puani hauna madhara hayo kwa mchoraji, na tena huonyesha njia ya ndani ya umio ilipo. Ikiwa stenti tayari ipo, usidhani kwamba urefu wake ni urefu wa uvimbe. Stenti huchaguliwa ndefu kuliko uvimbe kwa makusudi. Tafuta CT na ripoti za kabla ya stenti na uchore kwa kuzitegemea.

Hatua ya pili: piga CT ya kupangia tiba

Mgonjwa alale chali kwenye meza bapa, mikono ikiwa juu ya kichwa katika kishikizo, magoti yakiwa yameegemezwa. Kwa uvimbe wa umio wa shingoni, mikono iwe chini na kichwa kishikwe kwa barakoa ya plastiki. Picha zianzie juu ya gegedu la krikoidi, lililo chini ya zoloto, na kwenda chini hadi figo zimalizike, ili mapafu yote, ini na figo vipimwe dozi kikamilifu. Unene wa kila kipande cha picha uwe milimita 3 au pungufu. Kontrasti ya mishipani itolewe ikiwa figo za mgonjwa zinaruhusu, kwa sababu bila hiyo tezi ndogo na mishipa ya damu hufanana.

Kwa uvimbe wa theluthi ya chini, mgonjwa afunge kula kwa saa tatu hadi nne kabla ya CT, na afunge hivyo hivyo kabla ya kila kipindi cha tiba, kwa kuwa tumbo lililojaa husukuma sehemu ya chini ya umio. Sehemu hiyo pia husogea na kiwambo kila anapopumua, na mwendo wake wa juu na chini unaweza kufika sentimita moja au kuzidi. Kama kituo kina CT inayofuata pumzi, itumie hapa bila kusita. Kama hakina, piga CT mgonjwa akipumua kwa utulivu wa kawaida, kisha zingatia mwendo huo unapofika kwenye PTV.

Hatua ya tatu: soma CT kwa uangalifu kabla ya kuchora

Fungua picha kwa dirisha la tishu laini, upana wa 400 na kitovu cha 40. Ukuta wa umio uliotanuka vizuri huwa chini ya milimita 3. Unene unaozidi milimita 5 huhesabiwa kuwa si wa kawaida. Katikati ya namba hizo mbili kuna eneo la mashaka, na umio uliojikunja huonekana mnene hata ukiwa mzima. Anzia kwenye kipande ambacho hakuna anayebisha kwamba ni uvimbe, kisha panda kipande kimoja kimoja hadi ukuta urejee kuwa mwembamba, na ushuke vivyo hivyo. Baada ya hapo tazama picha za ubavuni na za mbele, maana mteremko wa uvimbe mrefu huonekana vizuri zaidi huko.

Kosa la kawaida liko upande wa juu. Umio uliozibwa hupanuka juu ya kizuizi, hujaa mate na mabaki ya chakula, na ukuta wake huvimba kwa kukaa na uchafu huo kwa muda mrefu. Kwenye CT hali hiyo yaweza kufanana na uvimbe, na mchoraji akirefusha GTV kwa sentimita tano za ziada, mapafu na moyo ndivyo vitakavyolipa. Upande wa chini kosa hugeuka: umio umejikunja, uvimbe huishia kwa ulimi mwembamba chini ya utando, na mchoraji humaliza mapema. Ndiyo sababu CT pekee haiaminiki kwa urefu.

Kwa upana, tafuta mstari mweusi wa mafuta kati ya uvimbe na viungo vya jirani. Aota ikiguswa kwa chini ya nyuzi 45 za mzunguko wake, uvamizi hauelekei kuwapo. Ikiguswa kwa zaidi ya nyuzi 90, uvamizi unashukiwa. Kati ya hapo CT haiwezi kuamua. Kumbuka, hata hivyo, kwamba mgonjwa aliyekonda sana hana mafuta ya kifuani, na kukosekana kwa mstari huo kwake hakuthibitishi uvamizi. Hili linawahusu wagonjwa wetu wengi, nao wasinyimwe tiba ya kuponya kwa kigezo kilichotokana na watu wenye mafuta.

Hatua ya nne: hamishia vipimo vya endoskopia kwenye CT

Hii ndiyo hatua ninayoomba ipewe muda mwingi kuliko zote. Vitabu vinaeleza kwamba, kutoka meno ya mbele, umio huanza kwenye sentimita 15, karina iko kwenye 25, na umio huungana na tumbo kwenye 40. Namba hizo ni wastani. Mtu mfupi na mtu mrefu hawana karina kwenye umbali mmoja, na anayetumia 25 kwa kila mgonjwa anaweza kukosea kwa sentimita mbili au tatu kabla hajagusa kalamu.

Tengeneza rula ya mgonjwa mwenyewe kwa njia hii. Tuseme endoskopia imeandika kwamba uvimbe unaanzia sentimita 27 na kuishia 33, na umio unaungana na tumbo kwenye 39. Kwenye CT, tafuta karina na tafuta muungano wa umio na tumbo, kisha pima umbali kati yao ukifuata mkondo wa umio, siyo mstari ulionyooka, kwa sababu umio hupinda kushoto unapokaribia kiwambo. Tuseme umepata sentimita 13. Basi karina ya mgonjwa huyu iko kwenye 39 ukiondoa 13, yaani 26, wala si 25. Ncha ya juu ya uvimbe, iliyo kwenye 27, iko sentimita moja chini ya karina. Ungetumia wastani wa vitabu ungeiweka sentimita mbili chini, na ungekata sentimita nzima ya uvimbe. Urefu wa uvimbe ni sentimita 6, kwa hiyo kwa vipande vya milimita 3 unatarajia takriban vipande 20 vyenye uvimbe, kama umio umenyooka katika eneo hilo.

Sasa linganisha na kile ulichokiona kwenye CT. Tofauti ikiwa ya kipande kimoja au viwili, endelea. Tofauti ikizidi sentimita moja, usigawanye katikati kwa kukisia, tafuta sababu. Huenda kamera ilijikunja, huenda ukuta mnene wa juu ni uvimbe wa maji tu, huenda kuna uenezi chini ya utando ambao kamera haikuuona. Rudi kwenye bariamu, mpigie simu daktari wa endoskopia, na pale ambapo shaka haiondoki, chukua mpaka ulio mrefu zaidi, kisha uandike sababu kwenye jalada. Kamera ikiwa haikupita, rula ya chini haipo. Hapo tumia picha ya bariamu na uhesabu pingili za mgongo, kwa kuwa pingili huonekana kwenye bariamu na kwenye CT vilevile.

Hatua ya tano: tumia PET kwa kujua uwezo na udhaifu wake

Nchini Kenya PET-CT hupatikana Nairobi katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na katika hospitali ya mafunzo na rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Faida yake kubwa ya kwanza ni kumtambua mgonjwa ambaye saratani imeshafika mbali, ili asipewe tiba ndefu isiyomfaa. Faida ya pili, iliyo karibu na mada yetu, ni kuonyesha tezi ambazo kwa ukubwa pekee zisingeshukiwa, na kusaidia kutenganisha uvimbe na umio uliopanuka juu yake.

Oanisha picha za PET na CT ya kupangia tiba kwa kutumia pingili zilizo karibu na uvimbe, siyo kwa mwili mzima, na hakikisha kwamba mikono ilikuwa katika hali moja. Mpaka wa mng'ao usikubaliwe kwa kubofya kizingiti cha programu. Kizingiti cha SUV (kipimo cha ukali wa mng'ao) cha 2.5 na kile cha asilimia 40 ya mng'ao wa juu hutoa urefu tofauti kwa uvimbe uleule. Utando uliochomwa na asidi, mahali palipotolewa biopsi karibuni na umio uliopanuliwa kwa vifaa, vyote hung'aa. Kifua kikuu hung'arisha tezi za kifuani kwa nguvu sawa na saratani, na katika nchi zetu hilo ni jambo la kufikiriwa kila mara. Tezi moja ing'aayo ambayo ingebadilisha lengo zima la tiba inastahili sindano ya kuchukua seli kabla ya kuhukumiwa. Kwa upande mwingine, uvimbe mdogo wa juujuu unaweza using'ae kabisa. Kanuni ninayoifuata ni kwamba PET inaweza kuongeza GTV, lakini haipunguzi kile ambacho kamera ilikiona kwa macho.

Nami nisingeahirisha tiba ya mtu asiyeweza kumeza kwa wiki kadhaa akisubiri PET, ikiwa CT na endoskopia zimeshatoa jibu linaloeleweka.

Hatua ya sita: chora GTV

Chora mzunguko wote wa umio katika kila kipande chenye uvimbe, pamoja na nafasi ya ndani, hata kama uvimbe uko upande mmoja. Tezi zichorwe peke yake kwa jina tofauti. Tezi yenye kipenyo kifupi kinachozidi sentimita moja hushukiwa. Iliyo kando ya umio ishukiwe hata ikiwa na milimita 5 kwenda juu, hasa ikiwa ya mviringo au yenye kitovu kilichooza. Kabla ya kuiita tezi, ifuate kwenye vipande kadhaa vya juu na chini: mshipa wa azigosi utaendelea, tezi itakwisha. Mfuko mdogo wa utando wa moyo nyuma ya aota huwadanganya wengi kwa kufanana na tezi.

Kama mgonjwa amepata dawa za kemikali kwanza na uvimbe umepungua, urefu unaochorwa ni ule wa kabla ya dawa. Upana unaweza kufuata hali mpya pale ambapo mapafu yamerudi mahali pake.

Hatua ya saba: kutoka GTV hadi CTV

Saratani ya umio hutambaa chini ya utando kupitia njia za limfu zinazokwenda kwa urefu. Uchunguzi wa maabara wa umio uliotolewa kwa upasuaji, uliofanywa China na kuchapishwa mwaka 2007, ulionyesha kwamba kwa saratani ya seli bapa nyongeza ya sentimita 3 juu na chini ingefunika uenezi usioonekana kwa takriban asilimia 94 ya wagonjwa. Kwa saratani ya seli za tezi kwenye muungano wa tumbo, upande wa chini ulihitaji sentimita 5 ili kufikia kiwango hicho. Ndipo ilipotoka desturi ya kuongeza sentimita 3 hadi 4 juu na chini, na sentimita 1 kuzunguka. Sentimita 4 ni takriban vipande 13 vya milimita 3.

Nyongeza hiyo lazima ifuate mkondo wa umio. Programu ukiiamuru iongeze sentimita 4 kwenda chini, itashuka wima na kuingia kwenye aota au pingili, huku umio wenyewe ukiwa umepinda kushoto. Chora umio kwa mkono katika sentimita hizo nne, kisha uongeze upana. Baadaye ondoa CTV kutoka kwenye pingili, mapafu, bomba la hewa na ini mahali ambapo hapana uvamizi. Ndani ya moyo bakiza nusu sentimita tu. Upande wa juu, CTV isivuke gegedu la krikoidi isipokuwa uvimbe wenyewe umefika huko. Kwa tezi zilizoonekana, nusu sentimita hadi sentimita moja na nusu inatosha.

Tezi zisizoonekana kuugua huongezwa kulingana na mahali uvimbe ulipo: uvimbe ulio juu ya karina huongezewa tezi za juu ya mitulinga, na uvimbe wa chini huongezewa zile za ateri ya kushoto ya tumbo na ateri ya siliaki. Hapa wataalamu hawajaafikiana. Kwa mgonjwa dhaifu mwenye uvimbe mrefu, ningeacha maeneo ya mbali ili mapafu yasalimike. Na kwa tiba ya kupunguza mateso tu, kama ile ya Gy 30 (Gy, yaani grei, ni kizio cha dozi ya mionzi) kwa vipindi 10, nyongeza ya sentimita 2 hadi 3 juu na chini inatosha, wala tezi zisizoonekana hazihitajiki.

Hatua ya nane: ITV, PTV na viungo vya kulindwa

Ukiwa na CT inayofuata pumzi, chora GTV kwenye hatua zote za pumzi na uziunganishe. PTV huongezwa milimita 5 hadi 10, na kipimo kidogo kiwe cha vituo vinavyopiga picha kila siku kabla ya mionzi. Bila CT ya pumzi, theluthi ya chini isipewe chini ya sentimita moja kwa juu na chini.

Kituo chenye mashine ya kobalti na simuleta (mashine ya eksirei ya kupangia tiba) pekee kinaweza kufuata uwanja uliotumiwa katika utafiti wa Marekani wa INT 0123, yaani sentimita 5 juu na chini ya uvimbe na sentimita 2 pembeni, mgonjwa akiwa amemeza bariamu.

Chora mapafu, moyo, ugwe mgongo, ini na figo zote mbili. Ugwe mgongo usipite Gy 45, na sehemu ya mapafu inayopata Gy 20 ibaki chini ya asilimia 30 inapowezekana. Dozi ya kuponya bila upasuaji ni Gy 50.4 kwa vipindi 28 pamoja na dawa. Kabla ya upasuaji, utafiti wa Uholanzi uitwao CROSS ulitumia Gy 41.4 kwa vipindi 23. INT 0123 ulipandisha hadi Gy 64.8, na ARTDECO wa Uholanzi hadi Gy 61.6, zote mbili hazikupata udhibiti bora wa uvimbe. Kwa hiyo muda wa kikundi utumike zaidi katika kuhakiki mpaka kuliko katika kutafuta dozi ya juu.

Hatua ya tisa: hakiki kwa macho ya mtu mwingine, kisha kila siku ya tiba

Kabla ya hesabu za dozi kuanza, mpe mwenzako michoro bila kumweleza ulikoona ncha, naye aonyeshe zake. Mwombe daktari wa radiolojia apitie tezi. Kwenye jalada andika urefu wa endoskopia, urefu wa CT, rula uliyoitumia na sababu ya mpaka uliouchagua, ili anayekuja baada yako asianze upya.

Wakati wa tiba, linganisha picha ya siku kwa pingili kwanza, kisha tazama umio wenyewe na ujazo wa tumbo. Tumbo likiwa limejaa, mgonjwa ashuke asubiri. Piga CT mpya ya kupangia tiba iwapo mgonjwa amekonda kiasi kwamba mwili wake hauendani tena na mchoro wa nje, iwapo pafu lililosinyaa limefunguka, au iwapo stenti imewekwa au imehama katikati ya tiba.